Sindano Butu: Kisa cha Mishono Iliyoruka Katika Kiwanda cha Suruali Mombasa

Mkaguzi wa mnunuzi alifika saa tatu asubuhi, akaomba meza yenye taa nzuri, akachagua makatoni mwenyewe, akaanza kazi. Shehena ilikuwa suruali za jinzi 2,400, zimepangwa karibu na mlango wa kupakilia, na kontena lilikuwa limeshaegeshwa uwanjani likisubiri. Kwa majedwali yanayotumika sana katika biashara ya nguo, shehena ya vipande 1,201 hadi 3,200 huchotwa sampuli ya vipande 125. Kwa kiwango cha ubora unaokubalika (AQL) cha 2.5, kasoro kubwa saba zinavumilika. Ya nane inaangusha shehena nzima.

Hakumaliza sampuli. Alikuwa akiigeuza kila suruali nje ndani, anaweka vidole gumba pande mbili za msamba, pale panapokutana mishono minne, kisha anavuta. Ya kwanza kufeli ilitoa sauti ndogo, trrr, na mshono ukafumuka hadi karibu na goti. Akaiweka kando bila kusema neno. Kabla hajafika nusu ya sampuli alikuwa na nane. Akavua miwani, akaandika.

Kiwanda chenyewe kiko katika eneo la EPZ, yaani eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, upande wa Changamwe, na jina lake halina haja hapa. Mimi nilikuwa msimamizi wa ubora. Kwa asiyeijua kazi hii, shehena ikikataliwa maana yake ni hii: makatoni yote yanafunguliwa, suruali zote 2,400 zinakaguliwa moja moja, mbovu zinafumuliwa na kushonwa upya, zinapigwa pasi tena, zinakunjwa tena. Meli inaondoka Kilindini bila mzigo wako. Unabaki kuchagua kati ya kusubiri meli nyingine huku mnunuzi akikata bei, au kusafirisha kwa ndege kwa gharama inayomeza faida yote. Tangu Kenya ipitishe sheria ya EPZ mwaka 1990, na hasa baada ya Marekani kufungua soko lake kupitia AGOA, sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, mwaka 2000, kodi za nyumba na karo za watoto wengi wa Mikindani, Chaani, Magongo na Jomvu zimetoka kwenye cherehani hizi. Mnunuzi akihama, anahama na kodi hizo.

Tulivyoanza vibaya

Jioni ile tulikaa kikao, na swali la kwanza lilikuwa: nani kashona? Kila bando, yaani fungu la vipande vya suruali, lina tiketi yenye namba ya mshonaji, kwa hivyo jibu lilipatikana upesi. Akina mama watatu wa mashine za kuunga mapaja wakaandikiwa barua za onyo. Moja niliitia sahihi mimi. Mama niliyemkabidhi barua ile ameshona miaka mingi kuliko niliyofanya kazi mimi. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso aliyojitanda.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza wakaguzi wanne mwisho wa laini ya ushonaji. Hili nalo lina mantiki yake, na ndiyo maana viwanda hulikimbilia. Lakini mkaguzi haongezi ubora kwenye suruali. Anaipokea ikiwa imeshaharibika, kitambaa kimeshakatwa, uzi umeshatumika, umeme umeshalipiwa. Na jicho huchoka. Mweke mtu chini ya paa la mabati wakati wa kaskazi, saa nane mchana, ageuze suruali mia tatu nje ndani, halafu umwambie asipitwe hata na moja. Atapitwa. Wiki iliyofuata mwisho wa laini ulikuwa na watu wengi zaidi na misamba iliyofumuka ilikuwa ile ile.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila meneja wa uzalishaji aifanye kwa mkono wake mwenyewe. Tuseme suruali inapita hatua 40 tangu kukatwa hadi kupigwa pasi, na kila hatua inafanywa sawasawa mara 99 kati ya 100. Wengi wakisikia hivyo hudhani suruali 99 zitatoka safi. La. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 40, utabaki na takriban 0.67. Suruali 67 tu kati ya 100 zitafika mwisho bila kurudishwa njiani hata mara moja. Thelathini na tatu zilizobaki zitamhitaji mtu wa kufumua, mtu wa kushona upya na mtu wa kukagua tena, na hapo kila fundi anayaona makosa yake kuwa madogo, na kweli ni madogo. Ndiyo sababu kampuni ya Motorola, walipoanzisha mpango wao wa kupunguza kasoro, Six Sigma, mwaka 1986, hawakulenga asilimia. Walilenga kasoro 3.4 kwa kila nafasi milioni za kukosea.

Njia ya Six Sigma ina hatua tano: kulifafanua tatizo, kupima, kuchambua, kuboresha, kisha kudhibiti ili ugonjwa usirudi. Nilikuwa nimefundishwa hatua hizi darasani. Siku ya barua za onyo tulikuwa tumeruka kutoka ya kwanza hadi ya nne bila kupima chochote, na watu watatu wakalipa.

Karatasi yenye picha ya suruali

Kupima kulianza na karatasi ya manila. Nilichora suruali mbili kubwa, moja ya mbele na moja ya nyuma, nikazibandika kwenye meza ya kufumulia. Yule dada anayefumua alipewa kalamu nyekundu na maagizo mepesi: kila suruali mbovu ikifika mkononi mwako, tia nukta mahali penye kasoro, na kando yake namba ya mashine. Si jina la mtu. Namba ya mashine.

Jumatatu nukta zilionekana zimetawanyika. Alhamisi hakuna aliyehitaji kuelezwa. Zilikuwa nukta chache kwenye vishikio vya mshipi, chache kwenye pindo, madoa ya mafuta hapa na pale, na msamba ulikuwa mwekundu hadi karatasi imetoboka. Zaidi ya nusu ya nukta zote zilikuwa mahali panapofunikwa na kiganja cha mkono. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora, alilisema jambo hili zamani, akaliita kwa jina la Vilfredo Pareto, yule Mtaliano aliyeona kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya nchi yake ilikuwa mikononi mwa watu wachache: kasoro nyingi hutoka kwenye vyanzo vichache. Lakini kuisikia kanuni ni tofauti na kuiona imejichora yenyewe kwa kalamu ya dada wa kufumua.

Hapo tatizo likapata maneno yake. Badala ya "ubora umeshuka," tukaandika: mshono wa mnyororo unaruka kwenye msamba, katika mashine za kuunga mapaja, na unaruka zaidi mchana kuliko asubuhi. Hilo la mchana liliibuka kwa sababu dada yule, bila kuambiwa, alikuwa akitia nukta za baada ya chakula kwa duara na za asubuhi kwa msalaba. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Niliona za mchana zanichosha zaidi, nikataka kujua kama ni mimi au ni suruali." Sijaona swali la utafiti lililo bora kuliko hilo.

Jumamosi baada ya zamu tukakutana kwenye meza ya kukatia, tukatandaza karatasi ya kahawia ya kuchorea ramani za nguo, tukachora mifupa ya samaki. Mchoro huu aliubuni Kaoru Ishikawa mwaka 1943, akiwaeleza wahandisi wa Kawasaki huko Japani: kichwa cha samaki ni kasoro, na kila mfupa ni kundi la sababu zinazoshukiwa, za watu, mashine, malighafi, njia ya kazi, vipimo na mazingira. Tulikuwa washonaji wawili, makanika, mkataji, kijana wa pasi na mtunza stoo. Meneja wa uzalishaji alikuwepo pia, na kwa muda mrefu hakuna aliyefungua mdomo. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Naona mimi ndiye mfupa wa kwanza," akachukua chai yake, akatoka. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Baada ya hapo maneno yalikuja. Uzi wa shehena mpya ni hafifu. Jinzi ni nzito kuliko ile ya mwaka jana. Umeme unayumba. Mashine zinakimbizwa mno. Na karibu kila mtu alitaja hewa: kwamba unyevu wa kaskazi na chumvi ya bahari vinashika kutu kwenye sindano. Hii ilikuwa na mvuto mkubwa kwa sababu hakuna wa kulaumiwa. Nani ataishitaki bahari? Tukaipa haki yake kama shaka nyingine yoyote. Tulichukua sindano kumi kutoka kisanduku cha stoo, tukazikagua kwa kioo cha kukuza. Hazikuwa na kutu. Na msamba ulikuwa ukiruka siku za upepo na siku za utulivu vilevile. Tukaufuta mfupa huo. Wa uzi ukafutika siku mbili baadaye, uzi ule ule ulipotumika kwenye mishono ya ubavuni bila kuruka.

Kucha

Ili ufuate yaliyotokea baadaye, lazima uione sindano ikifanya kazi. Sindano inaposhuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi wake unabaki nyuma kidogo na kutunga kitanzi kidogo karibu na tundu. Chini ya bamba kuna ndoana inayokuja kwa kasi na kupenya kitanzi hicho. Ikipenya, pingu moja ya mnyororo imefungwa. Ikikosa, mafundi husema "imeruka." Mashine hizi hupiga mishono elfu kadhaa kwa dakika, kwa hivyo nafasi ya ndoana kukikuta kitanzi ni ndogo kuliko kufumba na kufumbua. Na mshono wa mnyororo una tabia yake: kila pingu inaishikilia inayofuata. Ikikosekana moja, zilizobaki zinafunguka moja baada ya nyingine.

Msambani kitambaa kimekunjwa juu ya kitambaa, mishono minne imekutana, na unene unapanda ghafla. Sindano ikifika pale inapinda kidogo, kiasi cha unywele. Sindano kali yenye ncha nzima inapenya na kujinyoosha. Sindano iliyochakaa inasukuma kitambaa kabla ya kukitoboa, inapinda zaidi, kitanzi kinakaa pembeni, ndoana inapita hewani.

Makanika alikuwa ameshaseti ndoana mara mbili wiki ile. Alikuwa na uhakika kosa si la mashine. Washonaji walikuwa na uhakika kosa si la mikono. Kwa hivyo tulifanya jaribio dogo. Mashine mbili za kuunga mapaja, mama wawili, kitambaa cha bando moja. Siku ya kwanza mama A kwenye mashine ya 14, mama B kwenye ya 15. Siku ya pili wakabadilishana viti. Kasoro zilibaki kwenye ya 14, yeyote aliyeikalia. Siku ya tatu tukabadilisha sindano peke yake: ya 14 ikaenda 15, ya 15 ikaja 14. Kasoro zikahama na sindano.

Yule mama aliyeniambia "Haya, mwanangu" alikuwa mmoja wa hao wawili. Jioni ya siku ya tatu aliifungua sindano ile, akaishika kwa vidole viwili, akaiburuta polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Kucha zake zilikuwa na hina, nyekundu iliyoiva. Ncha ikaacha mstari mweupe mwembamba kama wa chaki. Akachukua sindano mpya, akaiburuta vilevile. Haikuacha kitu.

"Yakwaruza," alisema. "Ikikwaruza ukucha, yakwaruza na nguo."

"Ulijua?"

"Tangu lini sijui, mwanangu? Twajua sote."

"Basi mbona hukuenda kubadilisha?"

Akanitazama kwa muda. "Kule dirishani hakwendeki."

Dirisha

Hili ndilo neno lililobadilisha kazi yetu. Pale Toyota wana desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano bila kuishia kwenye jibu la kwanza, na watu husahau kwamba ukoo huo ulianzia kwenye nguo: Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufuma, na mashine yake ya mwaka 1924 ilikuwa ikijisimamisha yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Mwaka 1929 haki zake ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mashine iliyoweza kusema "nimekosea, nisubirini" ilikuwa na thamani.

Tukauliza. Kwa nini mshono unaruka? Sindano butu. Kwa nini sindano butu imeachwa? Mshonaji hakuomba nyingine. Kwa nini hakuomba?

Badala ya kujibiwa, niliandamana naye. Kwanza alinyanyua mkono kumwita supavaiza, ambaye alikuwa mwisho mwingine wa laini. Supavaiza akatia sahihi kwenye kikaratasi. Kisha tukatembea hadi banda la pili, kwenye dirisha la wavu la stoo ya sindano, ambako walikuwepo wawili mbele yetu na mtunza stoo alikuwa akitafuta vifungo vya mtu mwingine. Akaitoa ile kuukuu, ikakaguliwa kama ni nzima, jina lake likaandikwa daftarini, akapewa mpya. Tulirudi dakika 18 baadaye. Ubaoni, juu ya laini yake, tageti ya saa ile ilikuwa imeandikwa kwa chaki, na sanduku lake lilikuwa tupu nusu. Asubuhi sindano bado mpya, kazi inakwenda. Mchana imechoka, tageti inabana, na safari ya dirishani ni ghali kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo yale maduara ya dada wa kufumua yalipotoka.

Kwa nini dirisha lilikuwa hivyo? Mtunza stoo alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Sindano ikivunjika, kipande chaweza kubaki ndani ya nguo na kumchoma mtu, pengine mtoto. Kwa hiyo wanunuzi wengi wakubwa hudai kanuni kali: sindano iliyovunjika, kazi inasimama, vipande vyote vinatafutwa na kubandikwa kwenye karatasi, na kama kimoja hakionekani, bando lote linapitishwa kwenye mashine ya kutambua chuma. Kanuni hiyo inaokoa watu. Siku moja, kabla sijaajiriwa, kipande kilipatikana ndani ya nguo, na uongozi ukaamua kanuni ya sindano iliyovunjika itumike kwa kila sindano, hata iliyochoka tu.

Na kwa nini jina? Hapa ndipo nilipoona haya. Mwisho wa mwezi, daftari lile lilipelekwa ofisini na majina yenye sindano nyingi yakahesabiwa kuwa ya waharibifu. Mshonaji mwaminifu, anayebadilisha sindano kila inapochoka, ndiye aliyekuwa na alama mbaya zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulikuwa tunamtoza faini anayeyafichua. W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa ubora, katika zile nukta zake 14 kwa uongozi, aliandika ya nane: ondoa hofu. Nilikuwa nimeisoma kama nasaha ya kuishi na watu vizuri. Pale dirishani niliiona kuwa sababu ya kiufundi, iliyo halali kwenye mfupa wa samaki kama kipenyo cha sindano au mkazo wa uzi.

Trei

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Kwa mashine za kuunga mapaja, sindano hazingojwi tena kuombwa. Msaidizi wa makanika hupita mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kengele na tena mara baada ya chakula, akabadilisha zote, nzuri na mbaya. Sindano ni kitu cha bei ndogo mno ukiilinganisha na dakika za kufumua msamba mmoja.

Mtunza stoo alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Alisema: mkizitembeza sindano kiwandani, moja itapotea, na siku hiyo mtaniuliza mimi. Hatukumpuuza. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, alikutana na tatizo linalofanana na hili mwaka 1961 katika kiwanda cha Yamada Electric, ambako wafanyakazi walikuwa wakisahau kutia springi ndogo chini ya vitufe viwili vya swichi. Aliwapa kisahani. Kabla ya kuanza, tia springi mbili kisahanini; ukimaliza na moja imebaki, unajua umesahau. Tukatengeneza trei ya mbao yenye mashimo yenye namba za mashine. Kila shimo lina sindano mpya. Anapoitoa mpya, anaitia kuukuu mahali pake. Akirudi stoo, kila shimo lazima liwe limejaa. Shimo tupu linaonekana kwa jicho moja. Mtunza stoo aliigeuza trei mikononi, akahesabu mashimo, akasema ataichora namba mwenyewe kwa rangi isiyofutika.

Shingo mwanzoni aliyaita mambo ya aina hii kwa Kijapani "kuzuia mjinga." Mfanyakazi mmoja wa kike akalia aliposikia, akauliza kama kweli yeye amekuwa mjinga kiasi hicho. Shingo akalibadilisha jina likawa poka-yoke, kuzuia kukosea kwa kupitiwa. Nililisimulia hili kwenye laini siku ya kuzindua trei, na palikuwa kimya.

Daftari la majina tulilifunga. La sasa lina namba ya mashine, saa na sababu. Kanuni ya sindano iliyovunjika ikabaki kama ilivyokuwa, hatukupunguza hata herufi.

Mama yule alikuwa na pendekezo lake ambalo halikuwa kwenye mfupa wowote. Mafundi wa zamani wa Mji wa Kale, alisema, walikuwa wakiupiga mshono mnene kwa nyundo ya mbao kabla ya kupitisha cherehani. Makanika akatafuta nyundo, tukajaribu kwenye mabando mawili, na unene ule wa msamba ukalala. Leo kuna nyundo kila mashine ya kuunga mapaja. Makanika naye alitaka kuhama kutoka sindano ya namba 100, yenye unene wa milimita moja, hadi 110. Tulijaribu pia. Miruko ilipungua zaidi, lakini baada ya kufuliwa, matundu ya sindano nene yalionekana kwenye kitambaa chepesi. Kwa hivyo 110 inatumika kwenye jinzi nzito peke yake.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya mwisho, kudhibiti. Wiki ya pili, kasoro za siku zilipanda kutoka tano hadi tisa katika sampuli ya 100, na mara moja sauti zikaanza kupanda ofisini: nani, nani, nani. Nilileta chati ya kasoro za kila siku. Walter Shewhart aliianzisha njia hii mwaka 1924 katika kampuni ya Western Electric, na hesabu yake ni rahisi kwa mtu yeyote mwenye kikokotoo. Ikiwa wastani wenu ni kasoro 6 kwa 100, mpaka wa juu wa mabadiliko ya kawaida, kwa sampuli ya 100, unakaribia 13. Tano, tisa, nne, kumi: zote ni mawimbi ya kawaida ya mfumo ule ule. Ukimfokea mtu kwa sababu ya tisa, kesho ikiwa nne utadhani ukali wako ndio uliofanya kazi. Hukufanya chochote. Nenda kamtafute mtu siku nukta itakapovuka mpaka, au zitakapopangana nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati. Meneja aliitazama chati kwa muda mrefu, kisha akaitundika juu ya meza yake mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye nukta zilikaa chini ya ule mstari mfululizo, na safari hii tulijua kwamba kitu kimebadilika kweli, tukachora mstari mpya.

Shehena iliyofuata ya mnunuzi yule ilikaguliwa na mkaguzi yule yule. Alivuta misamba 125. Akapata kasoro kubwa mbili, zote madoa ya mafuta, akatia sahihi, akanywa chai. Madoa ya mafuta ndiyo sasa yanayoongoza kwenye karatasi ya manila, na bado hatujayapatia dawa. Wakaguzi wawili kati ya wale wanne wa ziada wamefundishwa kushona na wako kwenye laini. Barua tatu za onyo zilitolewa kwenye mafaili. Ile niliyoitia sahihi nilimpelekea mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya laini kama alivyoipokea mbele ya laini. Alisema amesamehe, kisha akaniuliza nyundo nyingine zitakuja lini.

Juzi, dakika chache kabla ya saa tisa, binti mgeni wa mashine ya 14 alisimamisha mashine na kuinua mkono. "Imevunjika," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ncha siioni." Supavaiza akaja na sumaku. Wakatandaza bando sakafuni juu ya shuka nyeupe, wakalipitia suruali moja moja, na kwenye ya tatu, ndani ya mkunjo wa msamba, sumaku ikakivuta kipande kirefu kama punje ya mchele. Kikabandikwa kwa gundi kwenye karatasi pamoja na kipande kikubwa. Namba ya mashine, saa, sababu. Msaidizi wa makanika akatoa sindano mpya kwenye shimo la 14, akaiacha karatasi ile ndani ya trei mahali pa ile iliyovunjika, na binti akarudi kwenye kiti chake.